Jina Lililoitwa Bendera Ikipanda

Feza,

Sikuzaliwa katika nchi hii. Neno hilo nimelificha tangu kabla hujazaliwa, na leo nimeliweka mbele hata ya salamu, maana najijua: nikianza na salamu nitasalimu mpaka karatasi iishe. Mimi niliyefundisha uraia katika shule ya sekondari ya mji huu mpaka miguu ikavimba nisiweze tena kusimama mbele ya ubao, nilizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, karibu na pale ambapo meli itakushusha kesho.

Liko neno la pili, nalo ni zito kuliko hilo. Sijui kama nitaweza kuliandika. Nimejiambia litakuwa la mwisho kabisa katika barua hii. Ukifika chini usilikute, ujue Papa yako alishindwa, umsamehe kama unavyomsamehe mgonjwa anayemwaga uji.

Mambo ya safari Mama yako amekwisha kukuambia: sabuni, shuka, dawa ya homa, nani wa kukaa naye kwenye meli na nani wa kumkimbia. Sina la kuongeza. Mchana huu nilikuwa nimelala pale kwenye mkeka nikiwasikiliza mnafunga sanduku. Kufuli likapotea. Mama yako akasema kile mnachosema siku zote kitu kikipotea humu ndani: "Muite Yasini!" Na wewe ukaitika kutoka uani, kwa sauti ile ya kuvuta uliyoianza ukiwa mdogo, "Yasini eeh! Yasini weee!" mpaka majirani wakacheka. Nami nikacheka, kikohozi kikanikaba. Kufuli lilikuwa chini ya ndoo. Baada ya hapo nikaomba kalamu, ukadhani nataka kuwaandikia mapadri.

Labda nianze na swali lako la Jumapili, kwa sababu sijui pengine pa kuanzia. Ulikuwa unasafisha ndakala, hawa dagaa wetu, ukasema bila kuinua kichwa, "Papa, kule Kigoma wataniuliza uraia. Nitasema nini?"

"Utasema Mzairwa."

"Na wakiuliza Mzairwa njo muntu wa namna gani?"

Nikakujibu nilivyojibu darasani maisha yangu yote: raia ni mtu aliyefungwa na dola kwa haki na wajibu, haki yake ni kulindwa na kuchagua, wajibu wake ni kutii sheria na kuitumikia nchi.

"Papa, hiyo njo ya mutihani. Mimi nauliza ya ukweli."

Mama yako akadakia kutoka jikoni, "Mwache Papa yako. Amefundisha hiyo kitu mpaka amezeeka, na yeye mwenyewe hajui!"

Mlicheka wote wawili. Mama yako alikuwa anatania. Anajua nilizaliwa ng'ambo, nilimwambia tulipooana, na ameitunza siri hiyo kuliko nilivyoitunza mimi. Neno la pili hata yeye halijui. Lakini alichosema kwa utani ni kweli, Feza. Sijui. Nimegeuza swali lako tangu Jumapili, na kila upande ninaoushika unateleza.

Nilizaliwa chini ya mfalme wa Waingereza, ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye shilingi. Nikavuka ziwa nikiwa mtoto pamoja na mjomba wangu, baharia wa meli ya mizigo, nikashukia chini ya mfalme wa Wabelgiji, ambaye picha yake ilining'inia kwenye ukuta wa shule ya mapadri. Wafalme wawili, na sikumwona hata mmoja. Mjomba alikufa kwa homa mwaka ule ule. Mapadri wakanichukua, wakanipa kitanda, kitabu na ubatizo, nikawa Yosefu. Jina nililokuja nalo lilibaki kwenye meli. Mama yangu nilimwacha ukingoni, amenifungia mihogo ya kuchoma ndani ya kitambaa. Nilisema ninakwenda kuona, nitarudi.

Baadaye nilipofundisha aina za serikali niliandika ubaoni: ufalme wa katiba ni pale ambapo mfalme anatawala kwa mipaka ya sheria. Wanafunzi wakanakili. Sikuwaambia kwamba wafalme wangu wote wawili walikuwa na katiba huko kwao, na sisi huku katiba hiyo hatukuinusa. Sikusema uwongo. Nilisema nusu, na hii nusu ndiyo imekuwa kazi yangu.

Kisha uhuru, na jamhuri. Nilipiga kura, Feza. Hakuna aliyeniuliza nimezaliwa wapi. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na viatu, nilijua Kifaransa, wakanipa karatasi nikatumbukiza. Nilitoka pale nikijiona mtu wa hapa kabisa kabisa. Haikupita muda Katanga ikajitenga, askari wakaanza kupishana mjini, habari za askari wa kigeni waliouawa Niemba zikatufikia, na hatukujua tena sisi ni watu wa nchi ipi kati ya nchi mbili zilizokuwa zinadai barabara moja.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo, mtu wa miwani, mwoga kama mimi, aliweka bendera mbili ndani ya sanduku moja la chaki. Kila asubuhi alimtuma mlinzi aende barabara ya posta kuangalia ni askari gani wanaopita.

"Leo njo ipi?" alimuuliza akirudi.

Asubuhi moja mlinzi akajibu, "Mukubwa, leo askari hapana. Iko mbuzi tu."

"Mbuzi wa nani?"

"Mbuzi hakusema, Mukubwa."

Mkurugenzi akafunga sanduku. "Basi hatupandishi kitu."

Siku ile tulifundisha chini ya mlingoti mtupu. Nakumbuka niliandika ubaoni kama siku zote. Serikali ya siku ile sijui inaitwaje. Haimo katika kitabu.

Halafu kikaja Chama. Na hapa nisikufiche: nilifurahi. Watu wa rika lako mnalaani, na mna sababu, lakini mimi nilichoka kutuma mtu barabara ya posta. Chama kilisema bendera ni moja, baba wa taifa ni mmoja, na kila mtu ataitwa sitwayeni, yaani raia, hata waziri, hata mfagiaji. Bwana na bibi zikafutwa. Asubuhi ya kwanza mlinzi aliponisalimu, "Jambo, Sitwayeni Mwalimu," nilijibu vizuri, kisha nikaingia darasani nikakaa mpaka moyo utulie. Hujui jinsi neno lile lilivyonipendeza. Waliokuwa na haki nalo walilisema kama kikohozi. Mimi nililisikia kila mara kama mtu anayeitwa kula.

Ndipo ikaja amri ya majina. Majina ya ubatizo yatupwe, kila mtu achukue jina la mababu. Tulipanga mstari kwenye biro, yaani ofisi ya serikali, mimi mbele, Kalunga nyuma yangu. Unamjua Kalunga: mwenzangu wa hesabu, ndiye unayemwita baba mdogo.

Karani hakuinua kichwa. "Yosefu hapana. Hiyo njo ya Wazungu. Lete jina la babu yako."

Babu nilikuwa naye, lakini jina lake lingenirudisha ng'ambo siku ile ile.

"Sitwayeni, babu yako hakukuwa na jina?"

Kalunga akasukuma kichwa begani kwangu. "Andika Kabwe. Njo babu yetu sisi wawili. Huyu ndugu yangu anaona haya kwa sababu muzee alikuwa mulevi."

Karani akacheka, akaandika. Tulipotoka nje Kalunga akanishika mkono. "Nimekuazima babu yangu," akasema. "Usinirudishie muchafu."

Hivyo jina ulilonalo, Feza Kabwe, ni la mzee wa Kalunga, mvuvi wa upande wa Moba. Nchi nzima ilikuwa inarudi kwa mababu zake, na mimi kwa njia hiyo hiyo nikawaacha wangu. Nisingesema Kalunga alidanganya. Yeye aliponipa babu, alinipa na vyote vinavyofuatana naye. Mama yake alipofariki, ukiwa msichana wa miaka ya kwanza ya sekondari, wanawake walikupa ufagio ufagie uwanja wa msiba pamoja na wajukuu wengine, na hakuna aliyesema wewe hapana. Ulimlilia yule bibi mpaka macho yakafumba. Nilikuwa nimekaa na wanaume nikikuangalia unafagia, nikawa sijui nishukuru au niondoke. Ulikuwa unamlilia bibi kwa haki yako yote. Nami nilijua kwamba unaye mwingine.

Naona nimeanza kulikaribia. Nipumzike kidogo.

Nimerudi. Mama yako ameleta chai, ameuliza naandika nini kirefu hivi, nimesema mawaidha. Amesema, "Umuache mutoto alale, mawaidha yatazamisha meli."

Nilikuwa kwenye Chama. Kitabu tulicholetewa kilisema kwamba kila Mzairwa anazaliwa ndani ya Chama, hata aliye bado tumboni ni mwanachama. Nililifundisha hilo. Siku moja kijana mmoja wa nyuma, mchekeshaji wa darasa, akainua mkono.

"Sitwayeni Mwalimu, na mwenye tumbo lake liko ng'ambo? Anaingia kwa mulango gani?"

Darasa likaangua kicheko. Nilipaswa kucheka nao. Badala yake nikasimama wima, nikasema, "Huyo haingii. Huyo anapita tu."

Wakaandika. Mwisho wa mwaka nikaiona sentensi hiyo katika karatasi zao za mtihani, moja baada ya nyingine, huyo haingii, huyo anapita tu, nikaipa alama zote.

Mwaka jana tulipoisikiliza redio kwa jirani, na Rais akatangaza kwamba vyama sasa ni ruhusa, si kimoja tena, Mama yako aliuliza kwa sauti, "Basi leo njo tumezaliwa?" Watu wakacheka wakaogopa kucheka. Kesho yake wanafunzi walifungua madaftari wakanitazama. "Mwalimu, tuandike nini?" Niliwaambia wafunge. Kama mtu alizaliwa ndani ya Chama, na Chama kikawa kimoja kati ya vingi, mtu huyo sasa yuko wapi? Wengine walianza kuitana bwana tena siku ile ile, kama watu waliovua koti. Mimi sikuweza. Bila sitwayeni nilikuwa nabaki na nini? Mwezi ule ndipo miguu ilipoanza kuvimba. Sisemi moja lilileta jingine. Kichwa changu ndicho kinachoyachanganya.

Na sasa vyuo vimefungwa, masomo hayapo, na masista wamekutafutia nafasi ya kusomea uuguzi kule kule nilikotoka. Ninyi mnaona ni mlango umefunguka. Mimi naona ziwa limejikunja kama karatasi, ukingo huu umegusa ule. Umesema mara nyingi wiki hii, "Nakwenda mahali nisipokuwa na mtu." Kila ulipolisema niligeukia ukutani.

Feza, kule watakapokuuliza habari za kwetu utalazimika kuwaeleza desturi ya bendera, maana hawana kitu kama hicho, nao hawatakuamini. Waambie ilikuwa hivi. Asubuhi, firimbi ikilia na bendera ikianza kupanda, kila kitu kilicho hai kinasimama. Si wanafunzi tu. Barabara nzima. Mama mwenye beseni la samaki kichwani anasimama na maji yanamchuruzika shingoni. Mwenye baiskeli anashusha mguu mmoja. Dereva anazima lori, anashuka, anavua kofia. Atakayeinua mguu kabla bendera haijafika juu atachukuliwa na vijana wa Chama, na akisema hakujua, ndiyo mbaya zaidi, maana asiyejua bendera inapanda si mtu wa hapa.

Nilikuwa naliambia darasa hili kama jambo zuri. Kwa dakika ile, nilisema, hakuna Mtabwa wala Muluba, hakuna mkubwa wala mdogo, wote ni mwili mmoja uliosimama. Hata leo kuna sehemu yangu inayoliona zuri.

Wewe ulikuwa mwaka wa kwanza wa primeri, katika uwanja ambao shule yenu na yetu zilitumia pamoja, mbele kabisa kwa sababu ya ufupi wako. Unaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi, au unafikiri unaikumbuka. Ngoja niisimulie kutoka mahali nilipokuwa nimesimama.

Meli ya Kigoma ilikuwa imefika alfajiri. Firimbi ikalia. Nilikuwa mwisho wa mstari wa walimu, abakosti yangu ya kijani, lile koti la Chama lisilo na tai, imepigwa pasi, mkono kifuani. Bendera ikaanza kupanda. Kimya kikashuka mpaka unasikia kamba inasugua mlingoti. Na ndani ya kimya kile nikasikia ndara. Mtu mmoja anatembea.

Alikuwa mama mzee wa kanga, kikapu kichwani, anakuja katikati ya barabara iliyojaa watu waliosimama kama nguzo. Alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, anashangaa. Akaita, "Yasini!" Hakuna aliyegeuza hata jicho. Akaingia uwanjani, akapita kati ya mistari ya watoto, akaita tena kwa sauti ya kuvuta, kama anayemwita mtoto aje kuoga. "Yasini eeh! Yasini weee!"

Ninyi wadogo mlianza kukandamiza kicheko. Nilikuona mabega yakitikisika.

Akafika kwa walimu. Alimtazama wa kwanza, akapita. Akamtazama wa pili. Kikapu alikishika kwa kiwiko tu, vidole vimekunjwa nyuma ya sikio, na sijamwona mtu mwingine katika maisha yangu anayeshika mzigo hivyo ila mmoja. Akanifikia mimi. Akasimama.

"Hodi, mwalimu," akasema. "Mbona mmesimama hivi, kuna msiba? Namtafuta Yasini, mtoto wa Mwajuma, muuza mawese wa Ujiji. Alikuja huku mdogo, na mjomba wake wa melini. Wafanyabiashara wameniambia yuko mwalimu anayefanana."

Mkono wangu ulikuwa kifuani, bendera ilikuwa nusu ya mlingoti.

Vijana wa Chama wakamfikia, wawili, wakamshika mikono. Kikapu kikaanguka, chupa ikapasuka, mawese yakaenea kwenye mchanga mpaka kwenye kiatu changu. Mkubwa wao akanigeukia, na wewe ulisikia alivyouliza, maana uliirudia nyumbani: "Sitwayeni Mwalimu, unamujua huyu mama?"

Wote walikuwa wananitazama bila kugeuza shingo. Wanafunzi wangu walioandika huyo haingii. Mkurugenzi. Kalunga pembeni yangu. Wewe.

Nikasema, "Simujui. Ni mugeni."

Yule mama alinitazama. Ni muda mfupi tu, kamba ilikuwa bado inasugua. Kisha akainama kidogo, kama wanavyoinama wanawake wa kule wakimsalimu mtu wa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mwalimu. Nimekosea mtu."

Bendera ikafika juu. Tukaimba.

Walimsimamisha karibu na mlingoti mpaka jua la mchana, ili ajifunze. Darasa langu lilikuwa na dirisha upande huo. Nilifundisha nimelipa mgongo. Somo la siku ile lilikuwa aina za serikali, na nilieleza vizuri, naapa, nilieleza kama sijawahi: ufalme, jamhuri, utawala wa mmoja, utawala wa wengi, nani anapata mamlaka kutoka kwa nani. Saa sita Kalunga alimpelekea maji na mkate. Baadaye wakampandisha meli.

Jioni Kalunga alinikuta nyuma ya shule nikisugua kiatu kwa mchanga. Alikaa kando yangu. Halafu akasema, "Yule mama ameniuliza kama mwalimu wa mwisho mustarini ana mutoto."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anaye mutoto mwanamuke. Anaitwa Feza. Njo yule mufupi wa mbele."

"Akasema nini?"

"Akasema, Mwenyezi Mungu amkuze. Akamuangalia mutoto wako anacheza, mpaka wakarudi darasani."

Hakuniuliza kitu kingine, siku ile wala baada yake. Aliyeniazima babu aliniazima na kimya.

Na usiku wa siku ile, Feza, kabla ya chakula, ulichukua sufuria ya Mama yako ukaiweka kichwani. Ukatembea kwenye mkeka huku unatukodolea macho mmoja mmoja. Ukaita. Ulikuwa na kipaji, mtoto wewe, sauti ilikuwa ile ile. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, akageuka kuniangalia mimi, na mimi nikacheka. Ningeweza kukuambia nyamaza. Ungeuliza kwa nini. Nikacheka, nikakuomba urudie.

Ndivyo jina lile lilivyoingia katika nyumba yetu. Ufunguo ukipotea. Kuku asiporudi. Muite Yasini. Nimelisikia miaka yote hii likiitwa jikoni, uani, chumbani, kwa kicheko, kwa upendo hata. Wakati mwingine nilikuwa karibu kuitika.

Sasa uniulize tena raia ni nani. Nikikuambia ni aliyezaliwa hapa, nimejitoa. Nikikuambia ni aliyetumikia hapa, nimejirudisha, maana nusu ya wanaosoma katika mji huu wamepita mikononi mwangu. Nikikuambia ni anayejua wakati wa kusimama, basi siku ile raia alikuwa mimi na mgeni alikuwa yeye, na hapo ndipo kichwa kinapokataa kuendelea. Nilifikiri uzee ungelinipangia mambo haya. Umeyamwaga tu kama mawese yale. Kitu kimoja kidogo ndicho sikitilii shaka: mamia ya watu walikuwa wamesimama vizuri, na mmoja tu alikuwa anamtafuta mtu.

Kesho utakuwa wewe unayeshuka na mzigo. Hutajua kule watu wanasimama wapi na lini. Utakosea, watacheka, labda watakushika mkono. Hilo siwezi kukulinda nalo. Ninachoweza ni kukuondolea uwongo mmoja: si kweli kwamba unakwenda mahali usipokuwa na mtu. Yuko pale, kama bado yu hai, mtu anayelijua jina lako tangu ukiwa mfupi wa mbele. Ukitoka bandarini uliza njia ya Ujiji. Sokoni uliza Mwajuma aliyekuwa anauza mawese. Ni mzee sana sasa. Kama amekufa, uliza kaburi, ufagie uwanja wake kama ulivyofagia ule mwingine. Unajua kufagia.

Ukimkuta hai, usianze na habari zangu. Mpe kwanza mkono ashike, akuangalie. Akiuliza wewe ni wa nchi gani mwambie unachotaka. Mimi sina jibu la kukupa. Na ukiwa peke yako naye mwambie hata nilipolipa dirisha mgongo nilikuwa namuona. Mwambie siku ile mlingotini hakukosea mtu.

Nimesoma tena nilivyoandika. Nimezunguka kila mahali kama yule mama, nikitazama kila uso, na neno bado halijatoka. Mama yako amelala. Mkono umechoka lakini bado unaandika, basi na uandike.

Yasini ni mimi.